Mmekula kwa Nani?

Mwaka juzi alikuja dada mmoja kutoka Kampala na fomu zake, akaketi barazani kwetu Bwera, akaniuliza niliachwa nikiwa na umri gani. Nikamwambia sikuachwa. Akatabasamu vile watu wanavyotabasamu wakileta huruma na huruma ikakataliwa, akauliza tena kwa upole zaidi: mama alipokwenda Uarabuni, niliachwa na nani? Nikamwambia, dada, andika hivi: mama alikwenda kazini, na mimi nikabaki kazini. Hakuandika. Fomu yake haikuwa na nafasi ya jibu la namna hiyo.

Basi naandika mwenyewe. Na naandika kwa Kiswahili, kwa sababu Kikonzo ni cha nyumbani, Kiingereza ni cha mwalimu na fimbo yake, lakini Kiswahili nilikipata sokoni kwa jasho langu, kutoka kwa akina mama wa Kongo wanaovuka mpaka na madumu ya mawese. Huko Kampala watasema hiyo ni lugha ya askari. Waseme.

Mama alikwenda Oman nikiwa na miaka kumi na mitatu. Tulikuwa watatu, wasichana watupu: mimi, wa katikati aliyekuwa na minane, na mdogo wetu wa miaka miwili, ambaye aliachishwa ziwa wiki ile ile. Baba alikuwa ametangulia Juba kujenga nyumba za watu, akapiga simu miezi michache, kisha kimya. Kwa hiyo aliyekuja kukaa nasi ni bibi, mama yake mama. Alikaa miezi minane, presha ikamuua. Mama hakuja kumzika. Mkataba ulikuwa wa miaka miwili na pasipoti ilikuwa kabatini kwa tajiri wake. Alilia kwenye simu, sisi tukalia huku, muda wa simu ukaisha, tukaenda kupika.

Watu huniuliza mliwezaje. Tuliweza kwa ratiba. Wa katikati alichota maji kabla ya shule, mimi niliwasha moto, mdogo tulimpitisha kwa jirani asubuhi na kumchukua jioni. Jumamosi tulifua, Jumapili kanisani, na yeyote aliyekuja kuchungulia kama tumekonda alitukuta tumepaka mafuta mpaka magotini. Wa katikati alianza tena kukojoa kitandani. Tukageuza godoro, tukalianika nyuma ya nyumba ambako majirani hawaoni, na sikumchapa hata siku moja. Nilitaka kumchapa, nisiseme uongo. Nilikuwa na hasira na kila kitu, na zaidi ya yote nilikuwa na hasira na mama, hasira ambayo sikuwa na pa kuipeleka kwa sababu mtu mwenyewe alikuwa akituma ada ya shule.

Tuliweza pia kwa uongo. Mama aliruhusiwa simu Ijumaa tu, saa tisa alasiri, nusu saa, wakati tajiri wake na familia yake wamepumzika baada ya chakula. Kabla ya hapo tulimnawisha mdogo uso, tukamvika gauni lililotoka Oman, tukageuza simu isionyeshe kona ambayo bati linavuja. Mama naye alisimama kila wiki mbele ya ukuta ule ule mweupe, mkono wa kulia umefichwa chini ya mtandio. Tukimuuliza habari, nzuri. Akituuliza habari, nzuri. Nusu saa nzima ya habari nzuri, halafu kila mtu anarudi kwenye shida zake.

Sasa nieleze kosa langu, maana bila hilo kosa nisingekuwa na la kusimulia.

Ukiwa Bwera, karibu na mto Lubiriha, simu yako haijui iko nchi gani. Ukisogea kidogo inashika mnara wa Kongo, na ikishika mnara wa Kongo, saa yake inarudi nyuma saa nzima, kwa sababu wenzetu wa ng'ambo wako nyuma yetu kwa saa moja. Ndiyo maana pale sokoni ukimuuliza mtu saa ngapi, naye anakuuliza, saa ya wapi? Mtoto mchanga wa Bwera anajua hilo. Mimi nilikuwa na miaka kumi na minne na nilijua kuliko wote.

Ilikuwa likizo, Ijumaa ya soko. Nilikuwa nikimsaidia mama mmoja Mkongomani muuza mawese, mjane kutoka upande wa Butembo, rozari shingoni, aliyekuwa akihifadhi madumu yake katika stoo yetu na kulala kwetu usiku wa kuamkia soko. Simu niliiweka kifuani, imezimwa, maana betri ilikuwa imechoka na ikiwashwa kwa saa moja inakata roho. Niliiwasha kidogo kutazama saa: saa nane. Vizuri, nikaizima, nikaendelea kumimina mafuta. Baadaye nikaiwasha tena, ikasema saa tisa kasoro robo, nikawashika mkono wadogo zangu, niliokuja nao sokoni, mdogo tayari amevikwa gauni, tukapanda nyumbani haraka. Tulipofika, simu ikashika mnara wa Uganda. Ikaruka. Saa kumi.

Nilikaa chini pale pale uani. Wa katikati aliniuliza, mama hapigi leo? Nikamwambia tumechelewa. Akaenda kumvua mdogo lile gauni la Oman.

Mama alikuwa amepiga, simu haipatikani. Alirudia mpaka nusu saa yake ikaanza kuisha. Na mama, mtu ambaye tangu bibi afe alikuwa akisubiri habari mbaya ya pili, alishikwa na hofu, akampigia baba mkubwa huko Kasese, kaka yake baba, akamwomba: nenda ukawaone watoto. Hayo tu. Baba mkubwa aliyabeba maneno hayo kutoka Kasese na kuyafikisha Bwera yakiwa yamebadilika kabisa: mama yenu amenikabidhi ninyi.

Alikuja kesho yake na koti lake la sherehe, akazunguka nyumba, akagonga kuta kwa vidole kana kwamba ananunua. Nyumba hiyo mama aliijenga kwa biashara yake ya kahawa, tofali kwa tofali, lakini kiwanja ni cha ukoo wa baba, na nyumba iliyo karibu na mpaka haikosi mpangaji. Akatwambia kutakuwa na kikao Jumatano. Mimi nitakwenda Kasese kumsaidia mke wake. Wa katikati atakwenda Nyakalengija kwa baba mdogo, yule anayebeba mizigo ya wazungu mlimani. Mdogo atakwenda Hamukungu, ziwani, kwa shangazi anayekausha samaki. "Watoto hawawezi kukaa peke yao kama kuku," alisema.

Nikamwomba asubiri mpaka Ijumaa, mama akipiga aseme mwenyewe. Akasema mambo ya ukoo hayasubiri simu.

Nielewe vizuri, msomaji: hawakuwa watu wabaya. Shangazi yule angemlisha mdogo samaki mpaka ashibe. Lakini mdogo alikuwa na miaka mitatu. Uso wa mama aliujua kwenye kioo cha simu tu, na kwa sauti. Angekaa Hamukungu miezi sita na kumwita shangazi mama, na angekuwa na haki. Wa katikati angekojoa kitanda cha watu wengine. Mama angerudi na sanduku lake akute mpangaji mlangoni anamuuliza, nikusaidie nini? Hilo ndilo nililoliona, na nikasema ng'o.

Kusema ng'o moyoni ni rahisi. Jumatatu ile mama wa mawese alinikuta stoo nimekaa juu ya dumu nalia kwa hasira, makamasi na kila kitu.

"Weye mutoto, unalia juu ya nini?"

Nikamweleza. Alisikiliza huku akikaza vifuniko vya madumu yake kimoja kimoja.

"Bale batu batakuya Jumatano saa ngapi?"

"Asubuhi, wanasema."

"Hapana, batatoka mbali, batafika saa saba, njaa inabasumbua. Ubapatie bukari kwanza. Maneno nyuma."

Nikamwambia siwezi kuwapikia watu wanaokuja kutubeba. Akanicheka.

"Mutu akisha kula ku nyumba, atasema aje nyumba haina mwenyewe? Pika, mutoto. Pika sana."

Bukari ni vile wao wanavyoiita. Sisi tunasema bundu, unga wa muhogo uliosongwa mpaka unavutika. Na kweli, nilijua alichosema, ila sikuwahi kukifikiria kuwa ni silaha. Kwetu sisi Wakonzo, na kwa ndugu zetu wa Butembo vilevile, bundu haisongwi na mgeni. Anayesonga ni mwenye jiko. Ukienda nyumba yenye ugomvi na wewe, unakataa hata maji mpaka mambo yaishe, kwa sababu ukishakula umekiri kuna mtu amekupokea. Haijaandikwa popote. Wazee wanaijua kama wanavyojua njia ya shambani.

Jumanne nilitwanga sombe, majani ya muhogo, mpaka viganja vikatoka malengelenge. Mama wa mawese aliniachia chupa ya mafuta na vipande vitatu vya makayabo, samaki wa chumvi, akavuka zake. Jumatano niliamka, nikafagia uwanja, nikawapaka wadogo zangu mafuta, nikamfunga mdogo mgongoni kwa kitenge cha mama. Tukangoja.

Walifika saa saba, kama alivyosema. Baba mkubwa mbele na koti, baba mdogo nyuma, shangazi wa mwisho akihema, mkononi kavera jeusi, mfuko wa plastiki wa kutia nguo za mdogo. Aliingia chumbani moja kwa moja bila kuuliza na kuanza kukunja vigauni, akitia ndani ya mfuko ule. Mdogo alikuwa akimtazama kupitia bega langu.

"Tumalize mambo kwanza, tusije tukachelewa gari," alisema baba mkubwa.

Mimi nikafunua sufuria ya sombe.

Harufu ya mawese na makayabo ikajaa sebule. Baba mdogo alikuwa ameondoka Nyakalengija alfajiri na chai kavu tumboni. Akavuta pumzi, akamtazama kaka yake. "Kaka, maneno yana miguu? Tule kwanza." Baba mkubwa akataka kukataa, nilimwona. Lakini tumbo lake likaguna, likasikika, na shangazi, aliyekuwa ametoka na kavera lake, akacheka.

Nilisonga bundu mbele ya macho yao, mlango wa jikoni wazi. Nilikanyaga mti wa kushikilia sufuria kwa mguu, mdogo mgongoni, jasho likaniingia machoni sikulifuta. Nikaifinyanga, nikaitia kwenye kikapu alichotuachia bibi. Nikapiga magoti nikawanawisha mikono, mkubwa kwanza, kama inavyotakiwa. Walikula. Walikula vizuri, siwasingizii. Baba mdogo aliongeza mara mbili. Baba mkubwa alifuta bakuli la sombe kwa tonge la mwisho.

Nikapiga magoti tena, nikawanawisha tena. Kisha nikasimama. Kwetu msichana hasemi na wakubwa amesimama, lakini nilikuwa nimeshapiga magoti ya kutosha siku ile.

"Baba mkubwa," nikasema, "mmekula kwa nani?"

"Swali gani hilo?"

"Nauliza tu. Mmekula kwa nani?"

Baba mdogo akatazama kikapu kitupu. Nadhani yeye ndiye aliyeelewa kwanza.

"Tumekula kwa mama yenu," baba mkubwa akasema hatimaye.

"Mama yuko Oman. Nani amesonga?"

"Wewe ni mtoto. Mtoto hawezi kuwa mwenye nyumba."

"Basi mtoto hawezi kuwalisha wakubwa. Na ninyi mmekula, mmeshiba."

Mdogo mgongoni akaanza kulia. Baba mkubwa alipandisha sauti, akasema nimekosa adabu, simu na Wakongomani wamenifundisha ujinga, mama akirudi akute nimeharibika. Nilimwacha amalize. Sikuinamisha macho. Nikasema ninachoomba ni kimoja, wasubiri mpaka Ijumaa.

Aliyemaliza mambo ni shangazi. Alinyanyuka polepole akishika kiuno, akalichukua lile kavera jeusi, akaenda chumbani. Tulimsikia akivitoa vigauni kimoja kimoja na kuvirudisha. Akatoka na kavera tupu, akalikunja akalitia kifuani.

"Mimi nimekula kwa huyu msichana," akamwambia kaka yake. "Siwezi kumbebea mtoto na bundu yake bado iko tumboni. Ukitaka, mbebe wewe."

Hakumbeba. Aliondoka akisema likitokea la kutokea asiulizwe. Baba mdogo alibaki nyuma kidogo akifunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka, akaninong'oneza kwamba chumvi ilikuwa sawasawa kabisa.

Ijumaa nilikaa kona ya juu ya uwanja, mbali na mto, simu imewashwa tangu saa sita na imeunganishwa na betri ya kuazima. Nilimuuliza kila mpita njia saa. Ilipolia, mama alianza na kilio, tena kilio cha mtu aliyesubiri wiki nzima. Mara hiyo sikumpa habari nzuri. Nilimwambia yote: mnara wa Kongo, koti, kavera, godoro la wa katikati, bati linalovuja. Nilimwambia pia kwamba nimemkasirikia.

"Walikula nini?" akauliza.

"Bundu na sombe."

"Nani aliyesonga?"

"Mimi."

"Ilikuwa na madonge?"

"Hata moja."

Akacheka. Tangu bibi afe sikuwa nimemsikia akicheka. Kisha akautoa ule mkono wa kulia chini ya mtandio, akanionyesha kovu la pasi, kutoka kiganjani mpaka karibu na kiwiko. Akasema naye amechoka kuficha. Akampigia baba mkubwa kwa dakika zilizobaki, na alichomwambia sikijui, ila hatukubebwa.

Mkataba wa miaka miwili ukazaa mwingine, na mwingine. Jumla miaka mitano. Sitasema ilikuwa rahisi. Muhula mmoja sikwenda shule kabisa, na wa katikati kuna mwaka alikataa kusogea mbele ya simu. Lakini hatukutawanywa. Moto ulikuwa ukiwaka jikoni kwetu, na mtu akipita njia aliuona moshi.

Mama alirudi mchana wa Jumapili, kwa basi mpaka Kasese halafu gari dogo mpaka Bwera, na sanduku moja. Nilikuwa na miaka kumi na minane. Alisimama uani akitazama bati jipya, hakuingia mpaka nilipomwambia ingia. Akaketi kwenye kiti cha wageni, kile cha karibu na mlango, magoti pamoja, mkoba mapajani. Mdogo, miaka saba sasa, aliyefundishwa adabu na mimi mwenyewe, alichukua jagi na beseni, akapiga magoti mbele yake.

"Karibu, mgeni," akamwambia.

Mama alinyoosha mikono akanawishwa. Machozi yalikuwa yakimtiririka. Mdogo alimaliza, akamwaga maji nje, akarudi kuniuliza jikoni kama mgeni anakula samaki.

Maji yalikuwa yameshachemka, unga uko kwenye ungo. Nilikuwa nimekamata mwiko. Miaka mitano nilikuwa nimeukamata. Nilitoka nao mpaka sebuleni nikamnyooshea.

"Hatujala," nikamwambia. "Songa."

Akanitazama. Akaweka mkoba chini, akavua viatu, akaingia jikoni. Alikuwa amepika wali wa watu miaka mitano na mkono wenye kovu haukuwa na nguvu zake za zamani. Alikanyaga mti, ukateleza. Akaukanyaga tena. Alimwaga unga mwingi kwa mara moja, nikauma ulimi nisiseme. Tulisimama watatu mlangoni tukimtazama akihangaika na sufuria yake.

Akaitia kwenye kikapu. Mdogo akakata tonge, akalibonyeza, akatutazama.

"Ina madonge," akasema.

"Kula," nikamwambia.

Ilikuwa na madonge, tena makubwa. Tuliimaliza yote. Siku ile tulikula kwa mama.